Tawaddud Mbele ya Khalifa: Elimu ya Mjakazi ni ya Nani?



Hikaya za Alfu Lela Ulela si ngeni katika nyumba zetu. Kama hukuzisoma kitabuni umezisikia juu ya mkeka, baada ya taraweh, kwa bibi au shangazi ambaye naye alizisikia kwa mkubwa wake. Basi leo sitaki kukupa habari za Sindibadi wala za taa ya Aladini, ambazo kila mtoto azijua. Nataka tuketi na mjakazi mmoja, jina lake Tawaddud, kwa sababu nina deni naye. Kwa zaidi ya miaka thalathini nimeisimulia hikaya yake chuoni, na sasa nimetambua kuwa nilikuwa nikiisimulia nusu.

Kwa asiyeijua, hikaya yenyewe ni hii. Palikuwa na tajiri katika mji wa Baghdad aliyekaa miaka mingi bila ya mtoto, kisha Mwenyezi Mungu akamruzuku mwana wa kiume, Abul-Husn. Tajiri alipokufa, kijana aliuvamia urithi, akala na marafiki, akanywa, akagawa, hata hakubakiwa na kitu katika alivyoachiwa na babake ila mjakazi mmoja. Siku tatu hakula wala hakulala. Ndipo mjakazi akamwambia ampeleke kwa Khalifa Harun al-Rashid, amtakie dinari 10,000, na Khalifa akiona bei ni kubwa aambiwe amjaribu, ataona mwenyewe kuwa thamani yake yapita hiyo.

Khalifa akamwuliza ajua nini. Tawaddud akahesabu: nahau, mashairi, fiqhi, tafsiri ya Qurani na visomo vyake, mirathi, hisabati, tiba, nyota, mantiki, na kupiga udi juu yake. Khalifa akastaajabu, akaandika barua Basra aletewe Ibrahim bin Sayyar an-Nazzam, na pamoja naye wasomaji wa Qurani, mafakihi, matabibu, wanajimu na wanafalsafa. Wakaja, wakakaa, mmoja mmoja akamwuliza. Akawajibu wote. Kisha kila mmoja akageuziwa yeye swali moja, akashindwa, na sharti ya kushindwa ilikuwa kuvua nguo zake pale pale. Mwisho akashindwa na Nazzam mwenyewe. Wakaletwa mabingwa wa sataranji na nardi, nao wakashindwa. Ukaletwa udi, akapiga, majlisi nzima ikatekwa.

Mimi hapo ndipo nilipokuwa nikikomea. Niliwageukia wavulana wavivu, nikawaambia: mwaona? Mwanamke, tena mjakazi, amewavua majoho wanavyuoni wa Iraki, na nyinyi mwashindwa na Ajurumia! Wavulana waliona haya, na haya ndiyo niliyoitaka. Sikuwa na zaidi ya hapo.

Kisha nilianza kuwasomesha wanawake baada ya Alasiri, siku moja kwa wiki, na siku moja nikawapa hikaya hii, safari hii mpaka mwisho. Mwisho wake ni kuwa Khalifa aliamuru bwana wa Tawaddud apewe dinari 100,000, kisha akamwambia Tawaddud aombe atakalo. Naye akaomba arejeshwe kwa bwana wake. Khalifa akamrejesha, akampa yeye dinari 5,000, na kijana akafanywa mwenzi wa Khalifa katika mazungumzo yake, na mshahara wa dinari 1,000 kila mwezi. Nilipokwisha, msichana mmoja wa sekondari aliyekuwa amekaa nyuma aliinua mkono, akasema, "Maalim, aliambiwa aombe atakalo. Kwa nini hakuomba uhuru wake?"

Nikamjibu kuwa huo ni uaminifu. Akanyamaza kwa adabu, lakini niliona kuwa hakushiba, na kusema kweli hata mimi sikushiba. Nikarudi nyumbani nikaifungua tena nuskha ya Bulaq, ile iliyopigwa chapa Misri mwaka 1835, nikaisoma kama niisomavyo kesi ya mirathi: nani ana haki gani, na kaipata wapi.

Tuanze na fiqhi, maana hikaya hii bila ya fiqhi haisimami. Kwa nini Abul-Husn aliweza kumpeleka Tawaddud sokoni, hata kama soko lenyewe ni kasri ya Khalifa? Kwa sababu hakuwa amemzalia. Mjakazi aliyemzalia bwana wake huwa ni umm walad, na kwa mafunzo ya maimamu wetu hauzwi wala hapewi mtu, na bwana akifa yeye huru. Kwa hiyo mwanamke huyu aliyehifadhi Qurani na akaijua mirathi hana ngome hata moja ya sharia inayomkinga na mnada. Mtoto mchanga mmoja angemkinga zaidi kuliko elimu zote alizozitaja. Msimulizi hasemi hili, kwani wasikilizaji wake walilijua.

Na elimu yenyewe aliipata kwa ajili gani? Msomaji, hapa tusijidanganye. Katika Baghdad ya zama zile wafanyabiashara walikuwa wakiwanunua wasichana wadogo, wakawafundisha mashairi, kuimba, lugha na adabu, kisha wakawauza kwa bei kubwa. Jahidh, ambaye alikuwa mwanafunzi wa huyo huyo Nazzam, ameandika risala nzima juu ya wajakazi waimbaji na biashara yao. Basi Tawaddud akihesabu elimu zake mbele ya Khalifa, masikio yetu yasikia mwanachuoni akitaja ijaza zake. Masikio ya soko yasikia dalali. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo palipo na utamu wa hikaya hii na uchungu wake. Yeye mwenyewe ndiye dalali na yeye ndiye bidhaa, na bei aliyoitaja ni yake ila fedha si zake.

Sasa tazama jambo jingine, nalo ndilo lililonishangaza zaidi. Huenda ukadhani kuwa ujakazi wake ulikuwa kizuizi kwake. Mimi naona ndio uliomfungulia mlango. Lau Tawaddud angalikuwa binti wa kadhi, muungwana, bint fulani bin fulani, asingaliketishwa mbele ya wanaume akaangaliwa na kuulizwa. Angalisomea ndani, na heshima ya ukoo wake ingalimfungia humo. Mjakazi hakuwa na hijabu ya muungwana, kwani mafakihi walimwekea mipaka mingine ya stara. Sisi wa pwani twalijua hili bila ya kitabu. Zamani za utumwa nguo ndiyo iliyokuwa cheo, mtu alijulikana kwa kilemba na viatu, au kwa kuvaa ukaya, kabla hajafungua kinywa. Basi Tawaddud alipata majlisi kwa sababu hakuwa na heshima ya kupoteza. Na ushindi wake haukumtisha mtu, kwa kuwa hauwezi kumfanya kadhi, wala mufti, wala kumpa ukoo. Akishinda, aliyeshinda ni mwenye mali.

Usinifahamu vibaya ukadhani nasema muungwana wa kike hakupata kusoma wala kusomesha. Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi Bukhari Makka katika karne ya 5 ya Hijra, na Khatib al-Baghdadi, mtu mkubwa kama yule, aliisoma kwake. Lakini Karima ni mtu wa tarehe, na Tawaddud ni mtu wa hikaya, na msimulizi wa hikaya anapotaka mwanamke awashinde wanaume hadharani amchagua asiyekuwa na baba.

Uanamke wake nao haukuachwa nje ya mlango. Tabibu alimwuliza mambo ya mwili na maradhi, akajibu moja baada ya moja. Alipoona hamwezi, akamwuliza juu ya jimai, mbele ya Khalifa na watu wote. Tawaddud akainamisha kichwa. Ikadhaniwa kuwa ameshindwa, naye akasema kuwa jibu liko kwenye ncha ya ulimi, ila heshima ya Amiri ndiyo iliyomzuia. Kisha akajibu. Niambie, msomaji: tabibu yule angalimwuliza swali lile mwanamume ili apate kumshinda? Swali lile halikuwa la tiba. Lilikuwa la kumkumbusha kuwa yeye ni mwanamke na wote wanamtazama. Nami kwa miaka yote niliyosimulia hikaya hii nililiruka swali hilo kwa ajili ya haya ya wavulana, na nikaruka pamoja nalo dhuluma yenyewe.

Yupo na mnajimu. Huyo alimwuliza kama mwezi huu mvua itanyesha. Tawaddud akainama, kisha akamwomba Khalifa upanga amkate kichwa, kwa kuwa mvua ni katika mambo matano ambayo hakuna ayajuaye ila Mwenyezi Mungu, kama ilivyo mwisho wa Surat Luqman. Khalifa akacheka, na waliokuwapo wakacheka. Nami hucheka kila nisomapo. Lakini baada ya kucheka nikajiuliza: Khalifa alicheka nini? Fakihi mwanamume akimwita mtu zindiki mbele ya Khalifa hachekwi, watu huogopa. Neno lile lile, kwa dalili ile ile ya Qurani, likitoka katika kinywa cha mjakazi huwa ni kichekesho kizuri. Wamempa haki ya kusema kweli, hawakumpa uzito wake.

Yeye mwenyewe aliijua mipaka hiyo kuliko sisi. Nazzam, aliposhindwa kumpata kwa elimu, alimtegea. Alimwuliza nani bora, Ali au Abbas. Msomaji afahamu kuwa Harun ni wa kizazi cha Abbas. Akisema Ali, amemvunjia Khalifa babu yake. Akisema Abbas, amejivunjia elimu yake mbele ya wajuzi. Msimulizi asema rangi yake ilibadilika, mara nyekundu mara nyeupe. Katika hikaya nzima hapa tu ndipo tuonapo khofu yake. Kisha akajibu kuwa ameulizwa juu ya watu wawili wenye fadhila, kila mmoja na fadhila zake. Khalifa akainuka kwa furaha. Wasomaji wengi husifu werevu wa jibu. Mimi naomba utazame ile rangi iliyobadilika. Mwanachuoni aliye huru akitegwa hivyo aweza kufukuzwa au kufungwa. Tawaddud akikosea neno moja auzwa kwa yeyote, popote. Werevu wake ni wa mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba tangu utotoni.

Nimesema juu ya ujakazi na juu ya uanamke. Limebaki la tatu, nalo ndilo ambalo watu wa pwani hupenda kulipita haraka: rangi na asili.

Katika nuskha niliyo nayo Tawaddud hatajwi kabila lake wala nchi yake. Amesifiwa uzuri kwa mistari mingi kama ilivyo ada ya wasimulizi, nyusi kama mwezi wa Shaabani na mengineyo, lakini hatuambiwi kuwa ni Mrumi, au Mturuki, au Mhabeshi, au Mzanji. Nadhani msimulizi alifanya hivyo kwa hekima yake, ili kila msikilizaji amtie sura aitakayo. Hata alipovuka bahari akafika Spania aliitwa Teodor, akasimuliwa kwa Kihispania tangu karne ya 13, na Lope de Vega akamtungia mchezo. Mtu asiyetajwa kwao aweza kuhamia kokote.

Sasa mweke ubavuni mwake mjakazi mwingine wa kitabu hicho hicho. Yumo mtu wa Yemen aliyehamia Baghdad na wajakazi sita: mweupe na mweusi, mnene na mwembamba, wa rangi ya njano na wa maji ya kunde. Bwana wao akawaamuru wawili wawili wajisifu na kumtweza mwenziwe, kwa Qurani, kwa khabari na kwa mashairi. Wote ni wasomi, kila mmoja ana ulimi. Khalifa Mamun aliposikia habari zao aliwanunua kwa dinari 10,000 kila mmoja. Ndiyo bei ile ile ya Tawaddud, kana kwamba wasimulizi wamekwisha kuafikiana.

Mjakazi mweusi katika hikaya hiyo asema vizuri mno. Ashikilia kuwa Mwenyezi Mungu ameapa kwa usiku katika Surat al-Layl akautanguliza mbele ya mchana, na kuwa nywele nyeusi ni ujana na mvi ni kifo. Msomaji mweusi hufurahi. Mimi pia nilifurahi nilipoisoma nikiwa kijana. Lakini linganisha. Tawaddud aliulizwa kila kitu kilicho chini ya mbingu, isipokuwa rangi yake. Mjakazi mweusi hakuulizwa kitu isipokuwa rangi yake. Huenda naye alijua mirathi na nyota na tiba. Hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kwake yeye elimu yote, aya na mashairi, yatumika kujibu shitaka moja la ngozi, na mtu anayeshinda siku nzima akijitetea ngozi yake hana wakati wa kumvua joho fakihi yeyote.

Na tusiyaache aliyoyasema mweupe dhidi yake bila ya kuyajibu, kwani watoto wetu wasoma. Alileta aya ya Surat Aal Imran juu ya nyuso zitakazokuwa nyeupe na nyuso zitakazokuwa nyeusi. Aya hiyo ni ya Siku ya Kiyama, na weupe wake ni furaha ya imani na weusi wake ni majuto ya ukafiri. Kuifanya ya ngozi ni kuibeba isipokwenda. Kisha akaleta kile kisa cha Nuhu (A.S.) na wanawe, kuwa Ham alicheka na Sam akasitiri, basi mmoja akawa mweusi na mwingine mweupe. Kisa hicho hakimo katika Qurani. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, alikikataa katika Muqaddima yake, akaeleza rangi za watu kwa joto na baridi ya nchi zao. Pamoja na hayo kisa kilisafiri mpaka pwani yetu, na wapo waliokisimulia barazani ili kumweka mtu mahali pake. Mtume (S.A.W.) alimkemea sahaba mkubwa, Abu Dharr, kwa kumtia mtu ila kwa mama yake, akamwambia kuwa ndani yake mna ujahilia. Kama Abu Dharr ameambiwa, mimi na wewe ni nani?

Yuko chini zaidi ya mjakazi mweusi, naye ni mtwana mweusi wa mwanzo wa kitabu, yule ambaye mke wa Shahrayar alimwita bustanini. Nuskha nyingine zamwita Masud. Ni kwa ajili yake, ati, ndipo Shahrayar akawachukia wanawake wote wa dunia, na ndipo hikaya zote elfu zikaanza. Jengo zima limesimama juu ya mgongo wake, na yeye apewa mistari michache na upanga. Watu huisoma sehemu hiyo wakaona uovu wa mtwana na wa malkia. Mimi, baada ya swali la yule msichana, nimeisoma nikaona mtu ambaye malkia amemwita. Akikataa, atauawa na malkia. Akiitika, atauawa na mfalme. Mwanamume huyu, pamoja na uanaume wake ambao kitabu chasema ndio nguvu, hana hata ile nafasi ya Tawaddud ya kuinamisha kichwa akafikiri jibu. Nami sisemi kuwa zinaa si zinaa. Nasema kadhi hahukumu kabla ya kuuliza kama mtu alikuwa na khiari.

Ajabu ni kuwa watu wa kweli wa Baghdad hawakuwa wamepangwa sawasawa na hikaya. Harun al-Rashid mwenyewe, hakimu wa majlisi ile, mama yake Khayzuran alikuwa mjakazi aliyetolewa Yemen, akanunuliwa, kisha al-Mahdi akamwacha huru akamwoa, na amri yake katika kasri ikatisha mawaziri. Mama yake Mamun, Marajil, naye alikuwa mjakazi wa Kiajemi. Na ndugu yake Harun kwa baba, Ibrahim bin al-Mahdi, mama yake alikuwa mweusi, naye akatoka mweusi kama mama, na watu wa Baghdad wakampa baia ya ukhalifa mwaka 817. Rangi yake ilisemwa sana na mahasidi, lakini jina la baba yake liliifunika. Hapo utaona kuwa mizigo hii mitatu haina uzani mmoja kwa kila mtu. Baba khalifa aliufuta weusi wa Ibrahim. Kuzaa mwana wa khalifa kuliufuta ujakazi wa Khayzuran. Tawaddud hana baba wala mwana. Ana elimu tu, na elimu ilimfikisha mpaka mbele ya kiti, haikumfikisha zaidi.

Wazanji hawakupata hata kiti cha kusimama mbele yake. Walikuwa wakichimba ardhi ya chumvi katika mabwawa ya Basra, na jina lao ndilo jina ambalo vitabu vya Waarabu viliipa pwani yetu. Mwaka 869 waliondoka kwa vita, na ikachukua mpaka mwaka 883 kuwashinda. Jahidh alikuwa amekwisha andika risala ya fahari ya weusi juu ya weupe, na akafa mwaka ule ule wa Hijra, 255, walipoinuka. Msimulizi wetu hakuwatia katika majlisi ya Khalifa. Nao wangaliulizwa nini?

Turudi kwenye malipo. Hikaya yasema bwana alipewa dinari 100,000 na Tawaddud 5,000. Je, zile laki ni bei? Kama ni bei, basi Khalifa amekwisha kummiliki, na kumrejesha kwa Abul-Husn ni zawadi mpya. Kama ni tuzo, basi hakuuzwa kamwe. Hikaya haipambanui, na mwanafunzi wa fiqhi anaweza kulikalia hilo usiku kucha. Lakini la 5,000 halina utata: kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu mtumwa hamiliki, hata akipewa. Tena majibu ya Tawaddud mwenyewe katika ibada ni ya madhehebu yetu, ya Imam Shafi. Basi alijua kuliko mtu yeyote pale kuwa kile kifuko alichopewa mkononi, mkono wenyewe si wake. Yote, laki, elfu tano na mshahara wa kila mwezi, yamwendea kijana aliyeifuja mali ya babake, ambaye katika majlisi nzima hakuulizwa hata nguzo za udhu. Uanaume wake, uhuru wake na ukoo wake vilitosha. Yeye hakuhitaji kujua kitu.

Hili sikuliona kwa miaka thalathini, ndugu msomaji, na najua kwa nini. Nilikuwa nimekaa upande wa Abul-Husn. Nilichukua elimu ya Tawaddud nikaitumia kuwanufaisha wavulana wangu, na sikuwahi kumwuliza msichana hata mmoja kama ataka kusoma nahau. Wasichana chuoni kwangu walihitimu juzuu wakaenda zao jikoni. Aliyebaki nikamsimulia Tawaddud alikuwa kaka yake.

Wiki iliyofuata nililirudisha swali mbele ya darasa lile la wanawake. Nikawaeleza habari za umm walad na za mtumwa kutomiliki, kisha nikamwambia yule msichana kuwa jibu langu la uaminifu nimelivuta, na swali lake liko wazi.

Alikuwapo bibi mmoja mzee sana, ambaye huja kwa kushikwa mkono. Huwa hasemi. Siku hiyo alisema. "Maalim, wewe waniuliza kwa nini hakuomba uhuru. Mama yake mama yangu alikuwa mjakazi. Serikali ilipoleta uhuru alikaa kwa bwana wake mpaka akafa. Watu walisema ni mapenzi. Aende wapi? Kwao hakukujua. Jina la babake hakulijua. Mtu huru ni mtu mwenye kwao."

Nalifahamu alilolisema. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa ndani yake mpaka mwaka 1909. Upande wa pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Na walioachwa huru wengi walibaki palepale walipokuwa, katika ua ule ule, wakiitana na waungwana wao ndugu mchana na wakijua usiku kuwa si ndugu katika ndoa wala katika mirathi. Tawaddud, ambaye msimulizi hakumpa kwao, angetoka mlango wa kasri akageukia wapi? Abul-Husn, pamoja na upumbavu wake, ndiye mtu peke yake duniani aliyelijua jina lake kabla halijawa na bei. Nilipolifikiri hilo niliona kuwa bibi amenijibia, na pengine amemjibia hata msimulizi.

Wanawake wote walinyamaza. Nikataka kufunga kitabu, tusome Fatiha.

Yule msichana akasema polepole, bila ya kuniangalia, amemwelekea bibi: "Kweli, bibi. Lakini angeomba uhuru kwanza. Kisha arudi kwake mwenyewe, kwa miguu yake. Abul-Husn angemfungulia mlango au asingemfungulia, tungejua."

Bibi akamtazama kitambo kirefu, kisha akamwuliza mama yake ni nani.